Usalama wa Uzazi Haumo Ukutani

Uchungu wa uzazi hauchagui saa. Mara nyingi hubisha hodi usiku, wakati usafiri umeadimika na mume yuko mbali kwenye vibarua. Chumbani hukutana watu watatu: mama mwenye uchungu, mama mkwe wake, na jirani aliyekwisha kushuhudia vizazi vingi. Katika nusu saa hiyo huamuliwa jambo ambalo sera na semina zimelizungumzia kwa miaka mingi: je, mama apelekwe zahanati, au abaki hapo hapo na kusubiri Mungu atakavyojalia? Wanaoamua hawana takwimu mbele yao. Wanachokuwa nacho ni urefu wa njia, pesa iliyofungwa kwenye pindo la khanga, na kumbukumbu ya jinsi mama huyo alivyopokelewa leba katika uzazi uliopita.

Umbali na pesa vimeandikwa sana. Kumbukumbu haijapewa uzito unaostahili, ingawa ndiyo pekee kati ya hayo matatu inayotengenezwa na wahudumu wa afya wenyewe.

Nchini Tanzania wengi wamekwisha kulijibu swali la mahali pa kujifungulia. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2010 ulionesha kuwa nusu tu ya vizazi vilitokea katika vituo vya kutolea huduma za afya. Katika utafiti wa 2015/16 kiwango hicho kilifika asilimia 63, na katika ule wa 2022 kikapanda hadi asilimia 81. Katika kipindi kilichopita kati ya tafiti hizo mbili za mwisho, makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Haya ni mafanikio makubwa, na yaliyoyaleta yanajulikana: vituo vya afya vilivyopewa uwezo wa kufanya upasuaji, dawa zilizofika vijijini, wakunga walioajiriwa, na wanawake wenyewe walioamua kutoka nyumbani. Hata hivyo, karibu mzazi mmoja katika kila watano alikuwa bado anajifungulia nje ya kituo, ama nyumbani, ama kwa mkunga wa jadi, ama njiani. Ni rahisi kuwaita wote hao wazembe. Kuwaelewa ni kazi ngumu zaidi, lakini ndiyo kazi itakayowaleta kituoni.

Wapo pia wanaotetea uzazi wa nyumbani kwa hoja za kisomi. Mama wa mjini mwenye simu hukutana na habari za Uholanzi, ambako kujifungulia nyumbani ni desturi ya tangu zamani, na hujiuliza kwa nini jambo linaloitwa salama huko liitwe hatari kwake. Swali hilo ni halali na lastahili jibu la kweli. Ni kweli kwamba utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wanawake zaidi ya 529,000 wasiokuwa na dalili za hatari, haukuona tofauti ya vifo kati ya watoto wa waliopanga kujifungulia nyumbani na wa wenzao waliopanga hospitali. Uingereza nayo ilichapisha mwaka 2011 utafiti wa wanawake zaidi ya 64,000 wa aina hiyo hiyo. Kwa waliokwisha kuzaa kabla, nyumbani hakukuonekana kuongeza madhara kwa mtoto. Kwa waliokuwa na mimba ya kwanza, matukio ya mtoto kufa au kupata madhara makubwa yalikuwa 9.3 kwa kila vizazi 1,000 nyumbani, dhidi ya 5.3 katika wodi za madaktari bingwa.

Lakini yafaa matokeo hayo yasomwe hadi mwisho. Katika utafiti huo wa Uingereza, wanawake 45 katika kila 100 waliokuwa na mimba ya kwanza na kupanga kujifungulia nyumbani walihamishiwa hospitali, ama wakati wa uchungu ama mara baada ya kujifungua. Kuhama huko kulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Mama alikuwa amechunguzwa kliniki na kuonekana hana shinikizo la damu, hana kovu la upasuaji, hana mapacha. Mkunga aliyekaa kando ya kitanda chake alikuwa amesomea kazi hiyo, ana dawa ya kuzuia damu na kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, na gari la wagonjwa liliweza kuitwa kwa simu moja. Nyumba ya mama huyo ilikuwa kama baraza ya hospitali, kwani hospitali yenyewe ilikuwa nyuma ya mlango.

Uzazi wa nyumbani katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki unashirikiana na ule kwa jina tu. Mara nyingi anayejifungua nyumbani hajachaguliwa kwa kuwa na hatari ndogo. Huenda ndiye aliyezaa mara saba na mfuko wake wa uzazi umechoka, au binti wa miaka 16 ambaye nyonga zake hazijakomaa. Nyuma ya mlango wake hakuna hospitali. Kuna njia ya vumbi, mto unaofurika masika, na pikipiki ya jirani isiyo na mafuta.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mimba 15 katika kila 100 hupata tatizo linalohitaji mtaalamu. Nyingi ya hizo hazitoi taarifa mapema. Mama anaweza kuhudhuria kliniki zote, kadi yake ikawa safi, kisha akatokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kwa sababu mfuko wa uzazi umekataa kujikaza. Damu ya namna hiyo inaweza kuondoa uhai ndani ya saa mbili. Sindano moja ya oksitosini, ikichomwa mara mtoto anapozaliwa, huzuia sehemu kubwa ya hatari hiyo. Jirani mwenye uzoefu wa miaka 30 hana sindano hiyo, na hata angekuwa nayo, asingekuwa na jokofu la kuitunza isiharibiwe na joto.

Kwa mtoto, muda ni mfupi zaidi. Wengi hulia wenyewe, lakini wachache katika kila 100 hawapumui hata baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, na hao huhitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko na kinyago ndani ya dakika ya kwanza. Dakika hiyo haitoshi hata kumwamsha mwenye pikipiki. Uchungu pingamizi nao una njia yake: mama husukuma kutwa nzima, hupewa miti shamba inayoaminiwa kuongeza uchungu, na mfuko wa uzazi unaolazimishwa kupitisha mtoto asiyeweza kupita huishia kupasuka. Mama akinusurika, anaweza kubaki na fistula na aibu isiyokuwa yake.

Kwa sababu hizo, mama wa Tanzania, Kenya, Burundi au Kongo anayeulizia mahali salama pa kujifungulia anastahili jibu lisilo na kigugumizi: aende kituoni, mbele ya mkunga aliyesomea. Mkunga wa jadi mwenye hekima ataheshimika zaidi akiwa msindikizaji wake kuliko akiwa mzalishaji wake.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tafiti zile zile zilizoonesha wanawake wakimiminika vituoni zilionesha jambo jingine lisilotangazwa sana. Vifo vya watoto wachanga wasiotimiza mwezi mmoja vilikuwa 26 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2010, vikawa 25 katika ule wa 2015/16, na 24 katika ule wa 2022. Wanawake waliojifungulia vituoni walipanda kutoka 50 hadi 81 katika kila 100, na vifo vya wachanga vikapungua kwa viwili tu katika kila 1,000. Wapo watakaosema kuwa vituo sasa vinapokea hata wale ambao zamani walifia nyumbani bila kuhesabiwa, na hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo haifuti somo kuu: ukuta hauzalishi, bati halimpulizii mtoto hewa, na kitanda cha leba hakizuii damu. Mama anaweza kutoka nyumbani, akapita mlango wa zahanati, na asiwe bado amefika penye usalama.

Kinachookoa ni kile kinachofanyika ndani ya kuta hizo, na ushahidi wake umepatikana hapa hapa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya mpango wa kuwafundisha wahudumu wa hospitali 8 za Tanzania namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua ndani ya ile dakika ya kwanza. Majengo yalikuwa yale yale, na wazazi walikuwa wa mitaa ile ile, lakini vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Miaka kumi baadaye, utafiti mkubwa uliozihusisha Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na wanawake zaidi ya 200,000, ulionesha jambo la namna hiyo kwa upande wa mama. Wahudumu waliacha kukisia damu kwa macho, wakaanza kuikinga kwenye mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo. Damu ilipozidi, walitoa matibabu yote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, na uchunguzi wa chanzo. Kutokwa na damu kwa kiwango cha hatari, upasuaji wa dharura na vifo vya damu, vikijumlishwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki ni kitu cha bei ndogo. Kilicholeta tofauti ni mikono iliyojua la kufanya na kulifanya bila kuchelewa.

Mikono hiyo pia hubeba jambo ambalo halipimwi kwa mililita. Utafiti uliofanyika mkoani Tanga na kuchapishwa mwaka 2014 uliwauliza wanawake namna walivyotendewa walipojifungulia kituoni. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, 19 katika kila 100 walisema walifanyiwa kitendo cha kuwadhalilisha: kufokewa, kutolewa maneno ya kejeli, kupuuzwa walipoomba msaada, wengine kupigwa. Baadhi yao walipoulizwa tena nyumbani kwao wiki kadhaa baadaye, kiwango kilipanda hadi 28 katika kila 100.

Tofauti hiyo ya 19 na 28 ina maana kubwa kwa kila anayefanya kazi leba. Mzazi akiwa langoni mwa hospitali, mtoto mikononi, hushukuru na kunyamaza, na muuguzi hubaki akidhani mambo yamekwenda vizuri. Akifika nyumbani, uchungu ukiisha, husema. Huwaambia dada zake, mawifi zake, na binti wa jirani mwenye mimba changa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na waliomsikia hushtuka pamoja naye. Ndiyo maana uamuzi wa kujifungulia nyumbani mara nyingi haufanyiki usiku ule wa uchungu. Ulikwisha kufanyika miaka miwili kabla, katika wodi ya wazazi, pale mtu alipoambiwa, 'Ulipokuwa unaitafuta mimba uliniita?'

Wahudumu wana utetezi, na ni haki usikilizwe. Usiku mmoja muuguzi mkunga mmoja anaweza kuwa na wazazi sita, wawili wakiwa tayari kusukuma kwa wakati mmoja, umeme umekatika, glovu zimebaki jozi nne, na daktari yuko chumba cha upasuaji. Mtu wa namna hiyo akipandisha sauti, si lazima awe na roho mbaya. Huenda anaogopa, maana mama asiposukuma ipasavyo mtoto atachoka, na kesho yeye ndiye atakayeulizwa. Wanaopanga ikama na bajeti wanapaswa kuielewa hofu hiyo kabla ya kubandika bango la maadili ukutani. Sera inasema huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bure, lakini familia nyingi bado huambiwa zije na glovu, nyembe, pamba na mpira wa kutandika. Anayepokea hasira ya pengo hilo si aliyelitengeneza.

Hata hivyo uchovu unaeleza kofi bila kulihalalisha. Na kwa hakika mengi ambayo wazazi huyatamani hayahitaji mtumishi wa ziada. Pazia kati ya vitanda ni gharama ndogo. Kumwita mama kwa jina lake hakuongezi hata dakika. Kumruhusu ndugu mmoja akae naye, amshike mkono na kumpa maji, humpunguzia mkunga kazi. Kumwacha mama achuchumae au apige magoti, kama bibi zake walivyofanya, hakupingani na taaluma: miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inapendekeza mama ajichagulie mkao, awe na msindikizaji anayemtaka, na atunzwe kwa heshima. Katika mambo haya mila na sayansi zimekutana. Kilichobaki ni wodi kukubali kukutana nazo.

Wapo viongozi walioona njia ya mkato. Katika baadhi ya vijiji zimetungwa sheria ndogo za kumtoza faini anayejifungulia nyumbani. Nia inaeleweka, lakini faini haimfikii mwenye mto uliofurika kwa njia nyingine ila ya adhabu. Mbaya zaidi, humfundisha mama kujificha. Aliyejifungulia nyumbani akijua kuwa kituoni atakutana na faini na karipio, hatampeleka mtoto mapema. Atakosa chanjo za siku za mwanzo, kitovu kilichoanza kunuka hakitaonwa na mtu, na homa ya mama itatibiwa kwa mvuke hadi iwe imechelewa. Mama aliyejifungulia njiani na kufika kituoni na mtoto kwenye khanga anahitaji kupimwa damu inayotoka, kukaguliwa kondo la nyuma, kupewa mtoto wake ngozi kwa ngozi, na kuambiwa kuwa amefanya vyema kuja. Matusi hayarudishi uzazi nyuma.

Familia nazo zina sehemu yao, na sehemu hiyo huanza kabla ya mwezi wa tisa. Mume aliyesindikiza mkewe kliniki atajua tarehe ya matazamio, na atajua kama kadi ina alama ya hatari. Nauli iwekwe kando mapema, mwenye chombo aongeleshwe mchana, na ndugu wa kuchangia damu wajulikane kwa majina. Anayeishi mbali, au aliyewahi kupasuliwa, au mwenye mapacha, asisubiri uchungu nyumbani. Ahamie karibu na hospitali au katika nyumba ya kusubiria wajawazito, ambayo wengi huiita chigonella. Mama mkwe ambaye neno lake ndilo la mwisho ajue dalili zisizosubiri mapambazuko: damu, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso, degedege, homa, maji kupasuka bila uchungu, au mtoto kuacha kucheza. Tanzania ina mfumo wa m-mama, uliojaribiwa mikoa ya Mwanza na Shinyanga kabla ya kupanuliwa nchini kuanzia 2022: kwa kupiga namba 115 bila malipo, hutafutwa gari la wagonjwa, na likikosekana hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, bila familia kudaiwa nauli. Namba hiyo yastahili kuandikwa nyuma ya kila kadi ya kliniki.

Mipango hiyo yote hatimaye humleta mama mahali pamoja: kwenye kizingiti cha leba. Hapo ndipo jitihada za familia hukoma na za kituo huanza. Akikuta oksitosini iliyohifadhiwa kwenye ubaridi, kifaa cha kumpulizia mtoto hewa kikiwa mezani badala ya kabatini, na mtu anayemwambia 'Karibu mama, tuko pamoja', basi safari yake ilikuwa na maana. Akikuta kinyume chake, atajifungua na pengine ataondoka salama, lakini hatarudi, na binti yake naye hataletwa.

Kila mkunga anayeingia zamu ya usiku anahudumia wazazi wengi kuliko walioko kitandani. Yuko na yule aliye mbele yake, na yuko pia na wale ambao mama huyo atazungumza nao wiki ijayo wakati wa kumwona mtoto, wakiwa wamekaa mkekani na vikombe vya uji. Katika mazungumzo hayo ndimo inamoamuliwa ni nani atakayetoka nyumbani usiku, pindo la khanga likiwa na nauli, na ni nani atakayefunga mlango na kusubiri.